Aliyebaki Ndani ya Nguzo

Jua lilikuwa limeshazama nilipotoka dukani kwa Fatemabai, Rahaleo, na mkate wa asubuhi kwapani. Nikashika njia ya daraja jipya kurudi kwetu Ufukoni.

Kaka yangu Isihaka alikuwa mmoja wa waliolijenga daraja lile. Siku waliyomwaga zege kwenye nguzo ya kati, hakurudi nyumbani. Msimamizi wao, Isaya, alikuja kumwambia mama kwamba kijana wake ametoroka na mwanamke, kavuka Ruvuma, yuko Msumbiji. Mama hakulia. Alimtazama tu mpaka akaondoka.

Jioni ile nilimkuta Isaya huyohuyo amesimama mwanzoni mwa daraja. Pikipiki yake imezima. Hakunitambua, nilikuwa nimejitanda ushungi hadi puani kwa ajili ya vumbi.

"Dada, unavuka? Twende wote. Sipendi kupita hapa peke yangu."

"Twende."

Akawa anaikokota pikipiki, mimi pembeni yake. Maji yalikuwa yamekupwa. Chini matope matupu na mikoko. Tulipokaribia katikati, harufu ikanipiga... saruji mbichi. Na daraja lilikuwa limekamilika siku nyingi.

Kisha, chini ya miguu yetu...

Ko. Ko. Ko.

Isaya akasimama. "Umesikia?"

Nilisikia.

"Sijasikia kitu," nikasema.

Ko. Ko.

"Bosi..." Sauti ilitoka ndani ya nguzo, nzito, kama ya mtu mwenye mchanga kinywani. "Bosi... simamisha mashine..."

Ilikuwa sauti ya kaka yangu.

Pikipiki ikaanguka kwa kishindo. Isaya alitaka kukimbia, lakini miguu haikunyanyuka. Nikatazama chini. Lami iliyomzunguka ilikuwa imelainika, imegeuka uji wa kijivu, na viatu vyake vimezama. Mimi niliyekuwa karibu naye kabisa, nilikanyaga pakavu.

"Dada, nishike mkono!"

"Kwanza niambie huyo ni nani."

"Aliteleza, akaanguka ndani! Zege lilikuwa linaingia... Tungesimamisha, nguzo nzima ingeharibika..."

"Alikuwa anapiga kelele?"

Uji ulikuwa umemfika magotini.

"Alikuwa anapiga kelele, Isaya?"

"Ndiyo," akanong'ona.

Nikashusha ushungi. Akanitambua. Mkono aliokuwa ameunyoosha ukashuka wenyewe.

Nikaondoka. Sikukimbia. Aliniita kwa jina langu, akaniita tena, halafu sauti ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Sijutii hata leo.

Asubuhi wanawake waliokwenda kuokota chaza walimkuta amelala chini ya ile nguzo, kwenye matope. Polisi walisema ameteleza akaanguka. Jirani yetu aliyesaidia kumbeba alisema kinywa chake kilikuwa kimejaa kitu kigumu kama jiwe.

Nikamsimulia mama yote. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Mama, ulikwenda kwa mganga?"

"Nilikwenda kwa yule wa kijiji cha Ziwani."

"Basi yamekwisha. Isaya kafa."

Akatikisa kichwa. "Mimi sikumtaja Isaya. Ningejuaje ni yeye peke yake? Nilisema, kila aliyemsikia mwanangu akilia, akanyamaza."

Mume wangu, Abdallah, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya zege siku ile. Ameniapia mara nyingi kwamba mashine ilikuwa inanguruma, hakusikia chochote. Nami nilimwamini.

Jana tulikuwa tunakula, sote watatu kwenye sinia moja. Abdallah akarudisha tonge. Akageuza uso kuelekea mlangoni, macho yamemtoka.

"Sharifa," akasema taratibu, "nani huyo ananiita?"

Nje kulikuwa kimya kabisa.

Mama aliendelea kutafuna.