Shamba Jembamba la Oliva

Oliva hakuwa na mume, mumewe alikuwa amefariki. Hakuwa na ng'ombe wa kulimia wala nyumba ya bati. Hakuwa hata na shamba, mpaka baba yake, mzee Akonaay, alipomgawia moja. Lililopakana nalo alipewa kaka yake Gervasi, fundi cherehani huko Haydom.

Mzee alipima kama wazee wa pale. Aliunga kamba za ng'ombe za majirani, akaizungusha kamba hiyo ukingoni mwa kila shamba. Shamba la Gervasi lilikuwa pana pande zote. La Oliva lilikuwa refu na jembamba. Kamba ilizunguka yote mawili bila kupungua, basi mzee akasema ni sawa.

Msimu wa kupanda, aliwagawia mbegu sawa za maharage. Kwa Gervasi, aliyepandiwa na vibarua, ziliisha. Kwa Oliva zilibaki. Mzee akamgombeza kwamba amepanda ovyo.

Mwalimu Evelyne, jirani aliyehamia kutoka Mbeya, akawakuta alipofuata maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mtazame huyu. Anazionea mbegu huruma kuzifukia."

Evelyne aliuliza vipimo. Kisha akamwomba Judica, binti wa Oliva, achore mashamba yote mawili chini kwa kijiti, ayagawe kwa miraba. Kila mraba ulikuwa mita tano kwa mita tano za shamba.

Judica akaanza na la Gervasi, akihesabu mmoja mmoja. Mwalimu akamzuia.

"Mstari mmoja una miraba mingapi?"

"Minane."

"Na mistari?"

"Minane pia. Nane mara nane, sitini na nne."

La mama yake lilikuwa kumi na mbili kwa nne. Arobaini na nane.

"Urefu mara upana, hilo ndilo eneo," mwalimu alisema. "Mzee, kamba ilipima ukingo. Maharage yanaota ndani."

 Mzee alihesabu miraba yote kwa fimbo yake, taratibu. Jibu likawa lile lile.

Oliva alisema yaishe, kaka asije akadhani amemchongea.

"Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe," alijibu mzee. Akakata mstari mmoja wa miraba minane kutoka kwa Gervasi, akauhamishia kwa Oliva. Kila mmoja akapata hamsini na sita. Mpaka ungesogezwa baada ya mavuno.

Mambo ya mpaka, alisema, si ya kusemea kwenye simu. Akaandika barua, akachora miraba yote ili Gervasi ahesabu mwenyewe. Akamsomea Oliva mpaka mwisho. Kisha akaifunga kwa gundi, akaenda barabarani, akamkabidhi kondakta wa basi la Haydom.