Mhuri Juu ya Moyo wa Mti

"Sindano, usiliguse hilo lori."

Sauti ya Shangazi ilikuwa kavu sikioni mwake. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa operesheni, na hakuwa na mazoea ya kurudia amri.

"Nakusikia, Shangazi."

"Lifike bandarini. Tunamtaka Miwani mwenye biashara, siyo dereva."

Sindano alikaza mkono. Yamaha ikanguruma, ikaruka shimo, ikatulia nyuma ya lori kwa umbali wa kutoshukiwa. Lori lilikuwa limejaa magogo ya msitu wa hifadhi, ule ambao wakubwa waliapa mbele ya kamera kwamba hautaguswa. Uliguswa, tena wee! Picha za setilaiti zilionyesha kidonda chekundu kinachotanuka kila wiki, na bado kila gogo lililotoka lilikuwa na mhuri halali wa misitu. Nani alikuwa anaipiga mihuri hiyo? Swali hilo liliinyima idara nzima usingizi.

Lori likakata kona, likaingia kwenye mizani ya barabarani.

Sindano naye akaingia. Alikuwa amevaa ovaroli ya fundi, bastola ya Glock imelala chini ya kwapa. Akaegesha, akajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki, kisha akainua macho kwenye vichwa vya magogo.

Moyo ukampiga paa.

Mhuri ulikuwa katikati. Juu kabisa ya moyo wa mti.

Hapa lazima nikueleze, maana hata wewe ungepita tu. Askari wa misitu hupiga mhuri kwa nyundo yenye alama, kwenye kichwa cha gogo. Gogo zuri hupigwa pembeni, karibu na gome. Lakini askari wa zamani walikuwa na desturi yao: gogo lililooza ndani walilipiga katikati, kuwaambia wenzao wa mbele kwamba hili ni bovu, lisipite. Siku hizi haifundishwi. Sindano aliijua kwa sababu baba yake alikuwa askari wa misitu, na aliwafundisha watoto wake.

Yeye na kaka yake.

Kaka yake, askari wa misitu kama baba, aliingia doria msituni kabla ya mvua zilizopita, asirudi. Walishamlilia. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Mpaka leo humpakulia chakula, hukifunika, asubuhi hukimwaga bila kusema neno.

Sindano akagusa alama. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika, ukamnata vidoleni. Mhuri ule ulikuwa wa jana, kama si wa leo.

Maiti haipigi mhuri.

Akamfuata karani wa mizani, aliyekuwa ameinamia simu yake kibandani.

"Kaka, mbona mhuri umekaa katikati?"

"Dada, mimi naangalia kama upo. Umekaa wapi, hayo ni ya mwenyewe aliyeupiga."

"Yote huja hivi?"

"Tangu mvua ziishe. Kwani wewe kinakuwasha nini?"

Tangu mvua ziishe! Gogo baada ya gogo, mtu alikuwa anapiga kelele kwa nyundo, na kila karani njiani akamjibu kwa kuinua kizuizi. Sindano alitamani kumzaba kibao. Akaimeza hasira, akaenda kwa dereva.

Dereva alikuwa jitu la shingo nene, limekaa kwenye usukani linatafuna biskuti. Mlango ukafunguka. Mdomo wa Glock ukamgusa ubavuni.

"Endelea kutafuna," Sindano alimwambia kwa upole. "Ukipiga kelele utapaliwa."

"Mama yangu! Dada, mimi dereva tu."

"Anayepiga mihuri yuko wapi?"

"Kambini. Mwembamba hivi, haongei na mtu. Wanamlinda kwa bunduki."

"Yuko hai?"

"Mpaka leo." Biskuti ikamkwama. "Miti imekwisha, dada. Umebaki mmoja tu, babu lao. Miwani mwenyewe yuko kule, anataka auone ukianguka. Walisema huo ukishapigwa mhuri, yule jamaa hana kazi tena."

Hapo ndipo Sindano alipoelewa. Kaka yake aliishi kwa sababu miti ilikuwepo. Kila mti ulioanguka ulimnunulia siku. Sasa umebaki mmoja, na jua lilikuwa limeshavuka utosi.

"Mbona unatetemeka? Bastola nimeshairudisha."

"Si bastola." Dereva alishusha sauti. "Kule misumeno ikizimwa, bado tunasikia miti inaanguka. Wenzangu wamekimbia hata mshahara hawakudai. Mimi pia sirudi, wallahi tena."

Sindano akamfunga mkono kwenye usukani kwa pingu ya plastiki, akachukua Motorola, redio ya dereva, akaitia mfukoni. Kisha akaongea kupitia kidude cha sikioni.

"Shangazi, nageuza. Miwani yuko msituni. Na kaka yangu yuko hai."

"Naagiza helikopta. Usiingie peke yako."

"Mti hautaingoja helikopta."

"Sindano, hiyo ni amri!"

Akakichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Barabara ya magogo ilikuwa nyekundu na tupu. Sindano aliujua msitu huu. Utotoni aliingia humu nyuma ya baba, mchana ukawa giza kwa wingi wa majani. Sasa jua lilimwagika kila mahali bila haya. Hakukuwa na ndege wala mdudu. Palikuwa na visiki tu, kilima hadi kilima, vimekaa kama watu msibani. Alianza kuvihesabu akaacha, maana machozi yalikuwa yanamziba njia.

Aliificha pikipiki, akatembea.

Nyuma yake mti ukaanguka. Aliusikia vizuri: mlio wa nyuzi kukatika, kishindo, kisha majani. Akageuka, Glock mkononi. Hakukuwa na mti wa kuanguka. Alisimama pale akihema, mwanamke aliyewahi kuruka kutoka kwenye ndege usiku bila kupepesa jicho, na akaona aibu kwa kuogopa hivyo.

Mbele, msumeno wa Stihl ukanguruma. Akakimbia.

Mti wa mwisho ulisimama peke yake katikati ya uwanda, mnene kuliko nyumba. Wakataji walikuwa wameuzunguka na misumeno yao, redio viunoni. Miwani alikaa kwenye kiti cha kukunja, shati jeupe pee. Na mgongo ukiwa umeegemea shina, nyundo imedondoka miguuni, alisimama kaka yake.

Alikuwa mifupa na macho.

"Toka hapo," Miwani alisema bila haraka.

"Huu hapana."

"Umepiga yote, unakataa mmoja?"

"Anzeni na mimi."

Mkataji mmoja akashusha msumeno. "Bosi, pale pana mtu."

"Nitamwondoa mimi." Miwani akainuka, akatoa bastola.

Sindano alikuwa nyuma ya kisiki. Wao ni wengi, yeye mmoja. Akaiangalia Motorola ya dereva. Akabonyeza, akasogeza mdomo, akasema taratibu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Zimeni misumeno."

Sauti ikatoka kwenye viuno vyote kwa pamoja.

"Umebaki mmoja. Tumewahesabu."

Wakataji hawakuuliza ni nani. Walikuwa wameisubiri sauti hiyo kwa muda mrefu. Mmoja akatupa msumeno akipiga mayowe, na waliobaki wakamfuata mbio, wanaangukia visiki, wanainuka, hao! Hata walinzi wenye bunduki waliungana nao.

Miwani akapiga risasi hewani. "Rudini! Ni redio tu, wajinga nyie!"

Alipoishusha bastola kumwelekezea kaka, Sindano alifyatua.

Mara moja.

Bastola ya Miwani ikaruka, naye akapiga magoti akiushika mkono. Sindano akamfikia, teke la kifua, uso kwenye maranda, pingu ya plastiki. Kazi ikaisha.

"Nitakulipa chochote," Miwani aligumia.

"Nyamaza."

Akainuka. Kaka yake hakuwa amesogea. Sindano akamkumbatia, akalia waziwazi. Kaka mikono aliiacha inaning'inia.

"Niliipiga katikati," kaka alisema. "Kila asubuhi nilijiambia, leo wataisoma."

"Nimeisoma, kaka."

"Leo." Akatazama uwanda wote ule. "Nifunge na mimi."

"Acha hayo. Walikushikia bunduki."

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye waliniuliza, leo tuanze na upi? Nami niliwaonyesha kwa kidole, mdogo wangu. Niliwachagulia minene, kwa sababu huchukua muda kuikata. Nilikuwa najinunulia siku."

Akanyoosha mikono. Sindano alikuwa na pingu nyingine mfukoni. Hakuitoa. Alimburuta Miwani, akamtupa nyuma ya Land Cruiser ya kambi.

"Panda gari," akasema. "Keti mbele."

Kaka hakukaa mbele. Alilizunguka gari, akapanda nyuma, akakaa sakafuni karibu na Miwani, akainamisha kichwa.

Sindano akakaa kwenye usukani. Akakirudisha kidude sikioni.

"Shangazi. Miwani ninaye. Mti umesimama."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Shangazi akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya shangazi kweli. "Na kaka yako, mwanangu? Yuko salama?"

"Yuko hai."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua, Shangazi."

Akatia gia, akaondoka.