Mwanachama wa Klabu ya Mdahalo

Mutembei aliita majina kumi na moja, wakaitika watu kumi na wawili.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa 1955, katika chuo kimoja cha ualimu huko Embu. Wanafunzi wapya walikuwa wakivutwa huku na huku na wakubwa wa klabu: njoo mpira, njoo kwaya, njoo ndondi. Kirimi, kijana wa kutoka Igembe, alichagua mdahalo kwa sababu alipenda kubishana. Mwenyekiti wake alikuwa Mutembei, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

"Nani ameitika mwisho?" Mutembei aliuliza.

Harufu ya blanketi lililolowa ikajaa darasani.

Mutembei akaharakisha shughuli. Kila mgeni alipaswa kupiga magoti, amwagiwe maji, aape kuwatii wakubwa wake.

"Kuapa?" Kirimi alinong'ona. "Kaka, hii ni Hali ya Hatari. Wakoloni wananyonga watu kwa sababu ya kiapo cha waasi."

"Ni mchezo wa klabu tu. Piga magoti!"

Kirimi akapiga magoti. Maji yalipomgusa utosini hakusikia baridi. Alisikia mtu akimwingia mwilini kama anayevaa shati la mwenzake, akimjaza mikono, kifua, koo, mpaka kinywa kikafunguka chenyewe na kutoa maneno ya Kimbeere, lugha asiyoijua, kisha Kiswahili, kwa sauti ya mtu mwingine.

"Mutembei! Mwaka jana ulinimwagia maji haya haya, nikapiga magoti hapa hapa, na homugadi, wale askari wa wakoloni, walipovunja mlango ukanyoosha kidole ukawaambia Njue ndiye anayetulisha kiapo, na wenzako wote wakasema ndiyo afande, ni yeye, nikaburutwa mpaka kambini, nikapigwa nikitapika damu kwenye blanketi bichi, nikafa nikingoja hata mmoja wenu aje aseme ulikuwa mchezo!"

Wanafunzi walikanyagana wakikimbilia nje. Mutembei alikuwa wa kwanza.

Kwa siku nne Kirimi alilala zahanati ya chuo, hali wala hanywi, akinguruma. Mchungaji aliomba hadi sauti ikamkauka. Mganga aliyeletwa kutoka Kibugu alikaa na mgonjwa kidogo tu, akafunga mkoba wake.

"Aliyemo humu hafukuziki," alimwambia Mwalimu Gichovi, mlezi wa klabu. "Ana haki. Mwiteni aliyemzaa."

Wambeti, mama yake Njue, alifika kutoka Kiritiri kwa miguu, pasi ya serikali ya kumruhusu kusafiri mkononi. Gichovi alimpokea mlangoni.

"Mama, tafadhali mwambie aondoke. Kijana wa watu atakufa."

"Leo mimi ni mama?" Wambeti alisema polepole. "Mwaka jana nilikuja kuuliza mwanangu yuko wapi. Ulisimama hapo hapo ukaniambia hapa hamjui magaidi. Ulijua, mwalimu. Ulijua ni mchezo, ukaogopa kufukuzwa kazi."

Gichovi akainamisha kichwa. "Nilijua," alinong'ona.

Wambeti aliketi kitandani, akamfuta Kirimi jasho.

"Njue."

"Mama. Nimechoka."

"Najua. Lakini huyu hajakukosea. Ana mama yake pia anayemngoja." Akageuka. Mutembei alikuwa ameletwa kwa lazima aombe msamaha, naye alisimama dirishani, amekaza midomo. "Wewe, una neno la kusema?"

"Sikumjua," alijibu Mutembei. "Sikuwahi kumjua huyo mtu."

Wambeti akasimama. Kwa hasira aliyoibana mwaka mzima, akamnyooshea Mutembei kidole.

"Basi, Njue, toka kwa mtoto wa watu. Mwenye kosa yule pale."

Kirimi alilegea, akapumua, akaomba maji kwa Kimeru, lugha ya kwao. Pale dirishani Mutembei alishika koo, akagugumia, macho yakamtoka, akahangaika kama anayezama huku akimtazama mwalimu wake asiyethubutu kusogea, halafu taratibu uso wake ukatulia. Akamwita Wambeti mama, kwa Kimbeere safi.

"Twende nyumbani," alisema Wambeti, akamshika mkono. Hakuna aliyewazuia.

Wazazi wa Mutembei walimfuata Kiritiri mara mbili. Walimkuta akichunga mbuzi, mwenye afya na furaha, naye akawauliza kwa heshima wao ni akina nani.