Kiti cha Shemeji

Nilifika ofisi ya vifurushi ikiwa inafungwa. Karani alikuwa ameshashika funguo, akanitazama kwa jicho la mtu ambaye chakula chake kinapoa nyumbani. Nikamwomba radhi, nikamweleza nimetoka zamu hospitali moja kwa moja. Akanisukumia bahasha nzito kupitia kidirisha.

Ndani yake mlikuwa na toleo jipya la mchezo wetu.

Niueleze kidogo, maana wengi hawaujui. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu wa kubuni: mwindaji, mganga, mwizi. Mmoja wao ni msimulizi. Anawaambia mmekutana na nini njiani, anawauliza mnafanya nini, kisha dadu zinaamua kama mmefaulu. Ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa pamoja, basi. Tuliucheza kwa miaka katika karakana ya shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa fremu za picha. Tulikuwa tukikutana akishafunga kazi, katikati ya harufu ya gundi na vumbi la mbao.

Shemeji alifariki kabla toleo hili halijatoka. Homa ya mapafu. Mimi ni nesi, na nilikuwa naye wodini alipokata roho. Dada alikuwa bado yuko njiani.

Tangu hapo hatukucheza tena, mpaka dada mwenyewe alipotuita. Alisema nyumba imekuwa kimya mno. Na alitaka iwe palepale karakana.

Nilimkuta ameshafuta meza na kupanga viti. Mfamasia, ambaye ndiye msimulizi wetu, alinipokonya bahasha hata sijaketi. Bonge, fundi wa kuchomelea mwenye kifua cha mlango na moyo wa kifaranga, akainama kuchungulia juu ya bega lake.

Kitabu kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Karatasi nzito, picha za rangi, maandishi makubwa ambayo hata dada aliyasoma bila miwani. Mfamasia alifurahi kwamba sheria za mapigano, ambazo zilikuwa zikitugombanisha kila mara, zimefupishwa. Bonge alinuna. Mganga wake wa zamani alikuwa akiita radi. Huyu wa sasa, alilalamika, hawezi hata kuwasha jiko. Tukacheka. Dada naye akacheka, nikashukuru kimoyomoyo.

Kulikuwa na jambo moja jipya kabisa. Zamani, mchezaji asipokuja, mtu wake aliachwa nje ya hadithi. Sasa sheria ilisema anaendelea kuwemo. Zamu yake ikifika, msimulizi anageukia kiti chake, anamuuliza anafanya nini, anasubiri kidogo, halafu anamrushia dadu.

Dada akavuta kiti cha tano. Alikiweka tu pale kilipokuwa kikikaa siku zote, mgongo ukielekea rafu ya vioo.

Mfamasia alinitazama. Nikainua mabega. Ningemkataliaje mjane?

Tukaanza. Nje jua lilikuwa likizama, mwanga kwenye vioo ukawa mwekundu, kisha kijivu. Katika hadithi tulikuwa mbele ya pango. Bonge akasema mganga wake anawasha mwenge, dadu ikamkatalia. Zamu ikasogea.

Mfamasia akakigeukia kiti cha mwindaji, mtu wa shemeji. Akakohoa kidogo.

"Mwindaji, unafanya nini?"

Tukasubiri. Nilisikia fremu moja ukutani ikilia, kama mbao zinavyolia jioni. Mfamasia akaokota dadu...

Ko. Ko.

Kitu kiligonga mara mbili, chini ya meza.

Shemeji alikuwa na desturi ya kugonga meza kabla ya kusema. Sote tulilijua hilo. Nikamwangalia Bonge. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, imekunja ngumi.

"Nachungulia kwanza," sauti ikasema.

Ilikuwa yake. Ule mkwaruzo, ile pumzi fupi mwishoni. Na maneno yalikuwa yale aliyokuwa akiyasema kila tulipofika penye mlango wa hatari. Ilitoka kwenye kiti, lakini chini mno, kana kwamba msemaji hajajua mdomo wa mtu unakaa kimo gani.

Harufu ya gundi ikatoweka. Ikaja nyingine, ya kabati lililofungwa muda mrefu likiwa na nguo mbichi.

Kiti cha Bonge kilianguka. Sikumwona akitoka, nilisikia tu mlango. Mfamasia akaninong'oneza tusijibu lolote, tuinuke taratibu. Lakini dada alikuwa ameshainama kuelekea kile kiti, uso wake ukiwa na furaha ambayo sijaiona tangu mazishi.

"Mume wangu. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nipo."

Kikacheka. Kicheko cha shemeji kamili, mpaka kile kikohozi cha mwisho. Dada akaanza kulia huku akitabasamu. Akanyoosha mkono, nikaudaka, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vya watu ninaowafunika shuka kazini.

Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Shemeji," nikasema, "ile jioni wodini, uliniomba nimwambie nini dada?"



Dada akanigeukia. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba kulikuwa na maneno. Nilikuwa nikingoja apate nguvu za kuyasikia.

Ko. Ko.

"Nachungulia kwanza."

"Mlango wa nyumba yetu," dada akauliza, polepole sasa. "Ulioupaka mwenyewe. Ni wa rangi gani?"

Kiti kikalia, kama mtu anayejisogeza mbele ili asikie vizuri.

"Niambie," kikasema.

Nilimvuta dada kwa nguvu hadi barabarani. Tulimkuta Bonge amekaa ukingoni mwa mtaro.

Mfamasia alitoka wa mwisho. Alisema amelifikiria. Kila kilichosemwa mle, shemeji aliwahi kukisema pale mezani. Lile tamko, kile kicheko, hata ile "nipo" aliyokuwa akimjibu dada alipomwita kutoka uani. Ya hospitali sauti ile haikuyajua, wala ya nyumbani.

"Kwa hiyo si yeye aliyerudi," akasema. "Ni kitu kilichokuwa kikikaa nasi siku zote, kinasikiliza. Leo ndiyo mara ya kwanza tumekipa zamu."



Mfamasia aliwapa wachezaji wengine kile kitabu, na mpaka leo wanaucheza mchezo vizuri tu, hawajaona chochote. Bonge hapiti tena mtaa ule.

Mimi nilipita jioni moja, nikaona taa karakana. Dada alikuwa mezani, mikono mapajani, viti viwili vimeelekeana. Sikuvuka kizingiti. Nilimwambia pale pale mlangoni kwamba yule si mumewe.

"Najua, mdogo wangu," akajibu kwa utulivu ulionitia baridi. "Hajui mengi. Namwambia kidogo kidogo. Ya harusi tayari, na ya nyumba. Kila siku anazidi kufanana naye."

Halafu akavuta kiti cha tatu, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Ya wodini unayajua wewe tu. Hutaki kuniambia mimi, sawa. Njoo umwambie yeye, aniambie kwa sauti yake."

Nilikataa, na dada mwenyewe sijamwambia, maana angeyapeleka pale kitini. Ameniomba tena mara nyingi tangu hapo, kwa simu, kwa machozi, na mara zote nimekataa.

Ila siku hizi, kabla ya kukataa, nanyamaza kidogo.