Chumba Karibu na Hospitali

Gizella Vadász alishuka kwenye treni Budapest asubuhi moja ya Agosti, mwaka 1994, akiwa na sanduku moja, kikapu cha vitunguu vya kwao Makó, na wifi yake Ilka, ambaye alikuwa hajafunga mdomo tangu treni iondoke. Sisi majirani zao tulishawazoea. Hao wawili wakisafiri, mmoja hubeba maneno na mwingine hubeba mizigo.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Boróka, binti pekee wa Gizella, alikuwa amelazwa hospitali ya wazazi na mimba ya miezi saba, na daktari alikuwa amemkataza hata kuketi. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Safari hii Gizella aliapa hatabanduka mjini mpaka mjukuu alie. Alikuwa mjane, fundi cherehani, na cherehani inaweza kusubiri. Kilichobaki ni kupata pa kulala.

Nje ya kituo cha Keleti wanawake walikuwa wamejipanga kama kawaida, kila mmoja na kibao kifuani: chumba, chumba, chumba. Wakaenda kuona viwili.

Cha kwanza kilikuwa upande wa Buda, mlimani, kwa mjane wa kanali. Safi, shuka zimenyooshwa kwa pasi, mto Danube unang'aa dirishani. Lakini kutoka pale hadi hospitali ni basi, halafu tramu, halafu miguu. Gizella akatikisa kichwa. Cha pili kilikuwa karibu na kituo, juu ya kibanda cha kukaangia lángos, ile mikate ya mafuta. Vikombe vilitetemeka kila treni ilipopita, na godoro lilikuwa limebonyea katikati kama mtumbwi.

"Chukua hiki, wifi," Ilka alisema. "Hapa pana watu."

"Nitanuka mafuta mpaka kwenye nywele."

"Angalau hiyo ni harufu ya chakula. Unataka unukie nini, waridi? Umepata mchumba mjini bila kuniambia?"

Walikuwa wakicheka walipofikiwa na mwanamke mmoja asiye na kibao. Alikuwa mzee, mfupi, amevaa koti la sufu katika jua lile la Agosti. Hakusalimia. Alimshika Gizella kifundo cha mkono, akakishikilia kama daktari anayehesabu mapigo.

"Una mwili wa moto," alisema. "Wanawake wa siku hizi baridi kama samaki. Wewe una moto."

"Ni jua tu, mama."

"Si jua. Unalalia ubavu gani, mwanangu?"

Gizella, kwa kushangaa tu, akajibu: "Wa kushoto."

Mwanamke huyo, Mama Kálnoky, alikuwa na chumba dakika nne kutoka hospitalini. Ghorofa ya tatu, katika moja ya zile nyumba za zamani zinazozunguka ua, milango yote ikifungukia kwenye roshani ndefu ya chuma. Kuta za mlangoni zilikuwa na weusi wa mafuta ya viganja vya miaka mingi. Ndani, harufu iliwapokea kabla ya mwenyeji kuwasha taa: nzito, ya uvuguvugu, kama manyoya yaliyolowa na kuachwa guniani.

Ilka alifungua mlango wa bafu, akaufunga. Akaufungua tena.

"Mama, kuna kuku kwenye beseni lako la kuogea."

"Ni wa mayai. Mayai ya dukani hayana uhai."

Kuku huyo alikuwa mweusi tii. Alikuwa ameketi juu ya kinyesi chake kilichoganda tabaka kwa tabaka, mpaka rangi nyeupe ya beseni haikuonekana. Kipande cha sabuni kilikuwa kando yake. Kilikuwa na nywele.

Ilka alitoka nje akashika vyuma vya roshani, akavuta pumzi. "Wifi, ukipanga hapa mimi sili humu, silali humu, na wewe mwenyewe sikukumbatii mpaka uoge kwingine."

Gizella naye alikuwa amejaa mate ya kichefuchefu mdomoni. Lakini alikuwa amesimama dirishani. Ng'ambo ya barabara, ghorofa ileile, palikuwa na dirisha la wodi ya Boróka. Aliweza kuona chuma cha kitanda. Aliweza kuuona mkono wa mwanawe umelala juu ya shuka.

"Nakichukua," alisema.

Jioni hiyo Ilka alirudi Makó peke yake.

Siku za kwanza Gizella alizivumilia kama anayepita kwenye bomba la maji machafu, pua juu, macho mbele. Asubuhi alikwenda kukaa na Boróka, akamchana nywele, akamsomea magazeti. Saa saba muuguzi aliwafukuza wageni, naye akarudi kwa Mama Kálnoky kula. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Kila mchana ilikuwa sahani ileile: miguu na masikio ya nguruwe, yamegandishwa kwenye mchuzi wake mpaka yakatetemeka. Hicho ni chakula cha baridi kali. Nani hula hicho Agosti? Ule ute ulikuwa vuguvugu ukingoni. Ndani yake kulikuwa na vinyweleo vya ngozi, na mara moja Gizella aliona kucha. Haikuwa ya nguruwe.

"Kula, mwanangu. Mafuta yanatunza joto," Mama Kálnoky alimwambia, huku yeye akifyonza mfupa. Mchuzi ulimteleza kidevuni, ukaingia katika kola ya koti. Hakuufuta. Koti hilo hakulivua hata siku moja, na mikono yake aliibana mbavuni kama mtu aliyebeba kitu.

Gizella alikula kidogo kwa heshima, akanywa glasi ya sharubati ya zabibu aliyowekewa, akaenda kujilaza. Usingizi ulimchukua kama shimo. Aliamka saa kumi, jua likiwa bado kali, nguo imelowa ubavu wa kushoto. Si jasho. Kilikuwa kitu kinachovutika, kama ute wa yai.

Siku ya nne aliomba kuoga.

"Maji yana kutu," Mama Kálnoky alisema upesi. "Usioge. Sasa hivi usioge kabisa."

Siku ya sita, akipita roshanini, mzee wa mlango wa pili alimwita. Jina lake Rezső, mshona viatu mstaafu. Alinong'ona bila kutoa kichwa nje.

"Bibie. Mkono wako wa kushoto unainuka?"

"Una maana gani, mzee?"

"Aliyekutangulia, wake ulikuwa hauinuki. Na aliyemtangulia yeye."

"Walikwenda wapi?"

Mzee aliangalia mlango wa Mama Kálnoky. Akafunga wake.

Gizella alisimama palepale, akajaribu kuinua mkono. Ulifika usawa wa bega. Ukagoma. Haukuuma. Ulikuwa umeshikwa tu, kama nguo iliyoshonwa vibaya. Na chini yake, ndani ya kwapa, alisikia joto la ajabu, joto la kitu ambacho si mwili wake.

Alipiga simu Makó kutoka hospitalini. Hakueleza mengi. Alisema: "Ilka, njoo. Naogopa kujitazama."

Ilka hakuuliza. Kesho yake saa nane mchana alikuwa mlangoni na chupa ya pálinka, pombe kali ya matunda, mkobani, kwa ajili ya mgonjwa, kama alivyosema. Mama Kálnoky alikuwa ameshuka sokoni. Ilka alimkuta Gizella ameketi kitandani, uso mwekundu, mkono wa kushoto umebana ubavu.

"Mungu wangu, wifi, unanuka."

"Najua."

"Unanuka kama lile beseni."

"Najua, Ilka. Nivue."

Ilka alimkata blauzi kwa mkasi wake Gizella mwenyewe, ule wa cherehani. Kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi kwa ute mkavu wa manjano. Alipokibandua, kilitoka na vinyoya vidogo, vyeusi, vilivyolowa. Akaushika mkono, akauinua polepole. Kitu kikatoa sauti, kama utando wa maziwa unaochanika.

Ilka alitapika. Alitapika sakafuni, akafuta mdomo, akarudi kutazama.

Ngozi ya kwapa ilikuwa imeota juu ya yai. Imelizunguka kama mfuko, nyembamba, inayopitisha mwanga, yenye mishipa. Mishipa ilikuwa ikipiga. Yai nalo lilikuwa likipiga, lakini kwa mwendo wake lenyewe.

Tok. Tok tok.

"Kuna kitu kinagonga," Gizella alinong'ona. "Kuanzia jana."

Ilka alimimina pálinka juu ya mkasi, akanywa iliyobaki kwenye kifuniko. "Ng'ata mto," alisema. Akakata.

Haikutoka damu. Ulitoka uvundo. Halafu maji mazito ya kijivu, yakamtiririka Gizella kiunoni mpaka kwenye shuka. Halafu yai likateleza nje, likaanguka kwenye godoro, likapasuka.

Kilichotoka kilikuwa na umbo la kifaranga. Uchi, ngozi ya zambarau, tumbo limevimba. Mdomo ulikuwa wa ndege. Macho hayakuwa ya ndege. Na kwenye ncha za mbawa, mahali pa manyoya, kulikuwa na kucha ndogo za mtu, zimelainika kama za mtoto mchanga.

Kilijiburuta hadi kwenye paja la Gizella. Kikamtazama. Kikafungua mdomo.

"Nini?" kilisema. "Nini? Nini tena?"

Mlango ulifunguka. Mama Kálnoky aliacha kikapu kianguke. Hakukasirika. Alikuwa akilia kwa furaha, na alipokimbilia kitandani koti lilimfunguka, likaanguka. Chini yake alivaa gauni lisilo na mikono. Aliponyoosha mikono yake kwa kile kiumbe, mawifi wote wawili waliona makwapa yake. Yalikuwa na mifuko. Miwili, mitupu, imekauka na kukunjamana, midomo wazi.

"Kwangu hawaanguliwi tena," alisema. "Nimepoa. Ndiyo maana yai la kuku wangu nilikuwekea wewe ulipolala. Lakini wewe, mwanangu, wewe una moto! Mwambie. Anamsikia aliyemwatamia tu. Chochote unachotaka atakileta."

"Nini?" kilisema kile kiumbe. Kilikuwa kimekua. "Nini tena?"

"Mwambie ashike mtoto," Mama Kálnoky alinong'ona, akielekeza kidole dirishani. "Pale. Mwambie amshike mjukuu wako tumboni asitoke. Atamshika. Huyu hajui kuachia."

Gizella aligeuza kichwa. Ng'ambo ya barabara pazia lilikuwa wazi. Mkono wa Boróka ulikuwa juu ya tumbo lake.

Ilka aliuona mdomo wa wifi yake ukifunguka. Aliniambia hakuwahi kuogopa hivyo, si kile kiumbe, bali ule mdomo. Kwa sababu yeye Ilka, angekuwa mahali pake, angesema.

"Gizi," alinong'ona. "Sikiliza. Bibi yangu alikuwa akisimulia vitu hivi. Vinaharibika kwa kazi isiyoisha. Kipe kazi isiyoisha, wifi. Usikipe mtoto."

"Nini? Nini? Nini tena?"

Kilikuwa sasa na ukubwa wa paka. Ute wake ulikuwa ukipenya kwenye sketi. Gizella alifumba macho. Akasema:

"Kalete maji. Uyalete kwa chekeche la unga. Usirudi mpaka lijae."

Kikanyamaza. Kikashuka kitandani, kikaenda jikoni kwa mwendo wa kuchechemea. Walisikia chekeche likivutwa kutoka kwenye msumari wake. Halafu kucha juu ya vyuma vya roshani. Halafu ngazi. Mama Kálnoky alitoa sauti ambayo Ilka anakataa kuiigiza. Alianguka kwa magoti na mikono, akakifuata, uchi wa mabega, akilia kooni kama kuku anayeita vifaranga. Hawakumwona tena. Mlangoni kwake, mzee Rezső alikuwa akijaza misumari kwenye tundu la ufunguo, kisipate pa kupenya.

Ilka alimsugua Gizella palepale jikoni kwa siki na majivu, kwa kuwa bafuni hakuna aliyetaka kuingia. Alimsugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Harufu haikutoka yote. Kwa wiki mbili, Gizella aliniambia, alilala na mkono juu ya kichwa, kwa kuogopa kuufunga.

Walihamia kile chumba cha juu ya kibanda cha lángos. Vikombe vilitetemeka, mafuta yakaingia kwenye nywele, na hakuna aliyelalamika. Oktoba Boróka alijifungua msichana, kilo tatu na ushee, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Walimwita Csenge.

Siku ya kutoka hospitalini, muuguzi wa zamu, Bi. Terka, mwanamke asiye na mzaha, alimvuta Gizella pembeni.

"Nilitaka kukuuliza jambo," alisema. "Sikutaka kumwogopesha binti yako. Ile siku ya Agosti uliyokuja jioni, nje ya saa za wageni, ukinuka siki. Unakumbuka? Kabla hujafika alianza kutoka damu. Tulikimbia kumwita daktari. Tuliporudi ilikuwa imekoma yenyewe, naye amelala kama mtoto."

"Bwana asifiwe," Gizella alisema.

"Ndiyo. Lakini sakafu ilikuwa na maji. Nyayo za vidole vitatu vitatu, kutoka mlangoni mpaka kitandani kwake. Za kurudi sikuziona." Bi. Terka aliangalia viganja vyake, kama bado vina uchafu. "Nikainama kutazama uvunguni. Palikuwa na chekeche la unga. Chekeche la kawaida, la matundu. Nikalivuta taratibu, kwa sababu lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Nililibeba korido nzima mpaka chooni, mama. Halikudondosha hata tone."