Kifaranga cha Betri

Kila akitoka shule, Mwantumu alivua sare, akabugia makande, akakimbilia shamba lao la mpunga pale Mkumbara kuamia ndege. Kazi yenyewe ni kukaa juu ya dungu, jukwaa la miti, kupiga debe na kupiga kelele mpaka ndege wakimbie. Sauti alikuwa nayo. Majirani walisema inafika Mombo haijachoka.

Mwaka huo wa tisini na nane, vikorokoro vya kutoka nje vilijaa gulio la Korogwe. Mjomba Muhidini akamletea kimoja: yai dogo la plastiki lenye kioo, na ndani ya kioo kifaranga. Kikilia, unabonyeza kitufe kinakula. Ukikisahau, kinakufa. Mwantumu akakiita Kito, akakivaa shingoni. Alikilisha darasani, akakilisha chooni, na mwalimu alipomwuliza saba mara nane, akajibu kwamba Kito bado hajanywa maji.

Jumamosi moja mama yake alimpelekea uji shambani. Njiani hakusikia debe wala kelele. Akadhani mtoto kaanguka dunguni. Akakimbia mpaka kanga ikamponyoka. Akamkuta amekaa salama, debe liko kando, na ndege wametua kwenye mpunga kama wamealikwa harusini.

"Shikamoo mama," Mwantumu alinong'ona. "Polepole, Kito amelala."

"Nani?"

"Kifaranga changu. Nikipiga debe ataamka, atalia."

Mama hakugomba. Alivunja suke, akalifikicha mbele yake. Makapi matupu. Akamwonyesha nusu nzima ya shamba, upande wa huku wa mfereji, nayo vilevile. Chakula cha mpaka masika, cha Mwantumu na cha mdogo wake Abdi, kilikuwa kinaondoka na mabawa.

Mwantumu akatazama ndege, akatazama kioo. Machozi yakamtoka, akanyakua debe. Kito akaamka, akalia. Naye akapiga debe kumshinda, mpaka jua likazama.

Jioni kioo kilionyesha kaburi. Mwantumu alilia hadi uji ukaingia chumvi. Kisha akasema mjomba alimwambia akibonyeza kwa chini, Kito anaanguliwa upya.

Mama alimfuta kamasi kwa pindo la kanga. "Kumpenda si kosa, mwanangu. Lakini huyo akifa, unabonyeza anarudi. Mpunga wetu ukiisha, tubonyeze wapi?"

Mwantumu alilivua yai shingoni, akamkabidhi mama mpaka mavuno. Na nusu ya shamba iliyobaki haikuguswa tena na ndege yeyote mwenye akili zake.