Upepo wa Juu Ulipotulia

Asubuhi ile visiwa vya Batanes, kaskazini mwa Ufilipino, vilikuwa kama vinaota. Mawingu membamba yalitambaa juu sana na bahari iling'aa. Delfin alitoka na jembe kwenda kuchimba viazi vitamu. Wavu wa kamba wa kufungia paa la nyasi aliuacha kibandani.

Ndani alilala mama yake, Sabina, aliyevunjika nyonga. Hakuweza kuhamishwa. Kuta za mawe zilikuwa nene, lakini paa likiondoka, mvua ingemwangukia yeye.

Njiani Delfin alimkuta jirani yake Rufina, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa. Alikuwa amerusha puto la kupima upepo. Wote wawili walilitazama likipanda polepole, jeupe, mpaka likapotea.

"Jirani, paa umelifunga?" Rufina akauliza.

"Ya nini? Jana redio ilisema kimbunga kimedhoofika."

"Hiyo jana. Upepo mkali wa juu ulikuwa unakisukuma kichwa upande. Joto lake likawa linapotea."

"Na leo?"

"Huko juu kumetulia. Kimesimama wima. Tena hewa yake inayopanda imepata njia ya kutokea. Unaona yale mawingu kama nyuzi? Ndiyo hewa inatoka. Jikoni kwako, moshi ukipata pa kutokea, moto unafanyaje?"

"Unawaka."

"Haya. Na bahari yenye joto ndiyo kuni zake."

Delfin akacheka. "Wewe na puto lako! Hapa hata jani halitikisiki."

"Sikuambii habari za hapa, nakuambia za huko juu. Kikifika kesho, mama yako je, atakimbia?"

Cheko likamkauka. Alitupa jembe, akaita majirani. Watu wanane waliutandaza wavu juu ya paa, wakafunga kamba kwenye mawe yaliyochimbiwa chini. Rufina alikagua kila fundo. Mawili akayafungua, akamwambia Delfin ayafunge upya.

Kesho yake mchana kimbunga kilifika, kikali kuliko vyote Delfin alivyowahi kuviona. Paa liliguna, likavimba, lakini halikung'oka.

Kilipopita, Delfin alipapasa blanketi la mama yake. Lilikuwa kavu. Akaangua kilio.

"Unalia nini? Nimekufa?" Sabina aliuliza.

"Hapana, Mama. Nusura nikuache bila paa. Siku nyingine nitauliza kwanza habari za huko juu."

"Sawa. Sasa nipe chakula, halafu uendelee kulia."